Hii Kitabu Haifuki

Eeddo Saado alikiweka kitabu cha nne juu ya mkeka wetu kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemrudishia jirani mtoto aliyesinzia. Akakisukuma kwa ncha za vidole mpaka kikanifikia. Kisha akajifuta mikono kwenye shali, akakaa vizuri, akatoa hukumu.

"Hii kitabu haifuki," akasema.

Nilikuwa na fomu mbele yangu, ile ya Maoni ya Wasomaji, na kalamu ya wino niliyoipenda kuliko pete. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule ya bweni: Msomaji asema kitabu hiki hakivuki. Hicho kitenzi nikakipigia mstari. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nne, mwaka wa tisini na saba, na nikikumbuka jinsi nilivyotabasamu nikiandika, hadi leo natamani kujipiga kofi.

Watu wasioijua Garissa ya miaka ile hudhani natania nikisema nilifanya kazi kwenye maktaba ya ngamia. Sitanii. Ngamia walikuwa watatu. Wa kwanza alibeba masanduku mawili ya vitabu, wa pili hema, wa tatu mikeka, maji na hasira zake mwenyewe. Gelle, mchungaji wao, aliwavuta kwa kamba kutoka mjini hadi vijiji vya wafugaji, nami nilitembea nyuma yao na daftari, binti wa miaka ishirini na mbili mwenye alama ya A katika Kiswahili, jambo ambalo nilihakikisha kila mtu analijua kabla hajamaliza kunisalimu. Kila baada ya wiki mbili tulifika Bulla Dhagah, kijiji nilichozaliwa. Wanafunzi walitaka vitabu vya hesabu. Mtu mzima aliyekuja kwa ajili ya hadithi alikuwa mmoja tu.

Eeddo maana yake ni shangazi. Hakuwa shangazi yangu wa damu. Alikuwa jirani wa mama yangu tangu kabla sijazaliwa. Kwa desturi yetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile analoitwa, kwa hiyo mimi nilimwita eeddo, naye akaniita eeddo, neno moja likienda na kurudi kati yetu. Alijifunza kusoma akikaribia miaka hamsini, kwenye darasa la ngumbaru lililofunguliwa kijijini mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wenzake waliacha pindi walipojua kuandika majina yao. Yeye alibaki, na wiki za mwisho alikuwa peke yake na mwalimu. Somo la kwanza alilolisoma ubaoni bila kusaidiwa lilisema: Mama anapika. Moshi unafuka. Alisoma "Mama anabika," na mwalimu akampigia makofi hata hivyo. Kisa hicho alinisimulia mara nyingi, na kila mara alinyoosha kidole hewani kana kwamba ubao bado upo.

Alikuwa na sharti moja. Kilichosomwa kwa Kiswahili kilijadiliwa kwa Kiswahili. Mvua, mifugo, ndoa na magonjwa tuliyazungumza kwa Kisomali, lugha tuliyonyonyeshwa nayo sote wawili. Lakini kitabu kikishafunguliwa, aliibadili lugha kama mtu anayevua viatu mlangoni, na hakuwahi kujisahau hata mara moja.

Msomaji kama yule sijampata tena, na tangu hapo nimekutana na wengi, wengine wakilipwa kwa kusoma. Alisoma baada ya sala ya alasiri, kurasa tatu kwa siku, kwa sauti, kidole kikitembea chini ya mstari. Alinawa mikono kabla ya kufungua. Neno asilolijua aliliandika kwenye kikaratasi, akalifunga kwenye pindo la shali mpaka Jumanne yetu ifike. Na hata kitabu kikimchosha, alikimaliza.

"Mtu akikuja kwa nyumba yako," alinieleza, "huwezi kumtoa nje kabla amalize maneno yake."

Na vitabu vilimchosha kweli. Nilimpa vile vipya, vilivyofika kutoka Nairobi vikinukia gundi, maana nilitaka ajue kwamba dunia imesonga mbele. Cha kwanza kilimhusu bwana mmoja aliyekaa ghorofani akitazama nje ya dirisha kwa kurasa kumi na moja.

"Huyu mtu anangoja nani?" aliniuliza.

"Hangoji mtu, eeddo. Ana huzuni."

"Huzuni ya nini?"

Sikujua. Mwandishi hakuwa amesema.

"Watu yake wako wabi? Hakuna hata moja amekuja kumuuliza habari?"

Cha pili kilikuwa na msichana, wapenzi wawili, gari jekundu na mtu aliyeuawa ukurasa wa tatu bila kuliliwa na yeyote mpaka mwisho. Eeddo Saado alimwombea dua yule marehemu, kwa kuwa hakuona mwingine wa kumwombea. Cha tatu kilikuwa kimepata tuzo. Sentensi zake zilimetameta, nami nilikuwa nimezinakili nyingine kwenye daftari langu. Alikaa nacho mwezi mzima, akakirudisha bila alama ya kidole. Cha nne nimekwisha kukitaja. Hukumu ilikuwa ile ile, wala hakuitoa kwa dharau. Aliitoa kwa masikitiko, maana alikuwa akianza kila kitabu na tumaini jipya, na mimi niliona tumaini lile usoni mwake kila nilipomkabidhi kingine.

Sasa nieleze kosa langu. Kisomali hakina p wala v. Kwa wazee wetu pole huwa bole, na vitabu huwa fitabu. Nilichekwa miaka minne na wasichana wa bara kabla sijaziweza herufi hizo mbili, na tangu nilipoziweza sikuweza kusikia f mdomoni mwa mtu wa kwetu bila kuirekebisha kichwani. Ngeli nazo nilizipanga upya bila kuombwa. Kwa hiyo "hii kitabu haifuki" ilifika kwenye fomu yangu ikiwa imeoga na kuvaa: kitabu hiki hakivuki.

Hakivuki nini? Mto, bila shaka. Upande wetu wa Tana ni kwetu, na mtu akilivuka daraja la Garissa kwenda Nairobi, wazee walikuwa wakisema amekwenda Kenya. Nikajiambia kwamba mama huyu wa ngumbaru ameona kile ambacho maprofesa hawakioni. Vitabu vya kule vinabaki kule. Haviji upande huu.

Bwana Abdilatif, mkuu wa maktaba yetu, alipoisoma fomu ile alisimama.

"Hakivuki," alirudia, akiitamka v kwa uangalifu, maana naye alikuwa Msomali aliyepigania herufi zake. "Wallahi, huyu mama ana akili."

Akaliweka neno lile kwenye ripoti, akalisoma kwenye mkutano Nairobi, na aliporudi aliniambia watu walipiga makofi.

Mimi nilikwenda mbali zaidi. Tangu kidato cha tatu nilikuwa nikiandika kwa siri, na sasa nikaona njia. Ningeandika riwaya inayovuka. Nikaijaza kila kilicho chetu: mto, daraja, soko la mbuzi, vumbi la barabara ya Wajir, chai ya maziwa ya ngamia, na msichana anayekwenda kusoma ng'ambo kisha akarudi. Niliiita Tumevuka. Bwana Abdilatif aliniruhusu kutumia taipu ya ofisi saa za adhuhuri, joto linapowalaza watu. Mwezi wa nane nikatuma sura tatu kwa mchapishaji mmoja Nairobi. Mwezi wa tisa barua ikaja: wamependezwa, nipeleke mswada mzima kabla ya mwisho wa Oktoba. Niliisoma barua ile hadi ikachanika kwenye mikunjo.

Hata hivyo nilitaka kwanza neno moja kutoka kwa mtu mmoja. Mchapishaji hakunikosesha usingizi nusu ya alivyonikosesha Eeddo Saado. Nilitaka akae pale mkekani, ajifute mikono, aseme kwamba hatimaye kimepatikana kitabu kinachovuka. Nikaifunga nakala moja kwa kadibodi, nikaipiga mhuri wa maktaba, nikabuni mwandishi, B. Warfa, na Jumanne moja nikaichomeka kati ya vitabu vingine nikampa. Alikitazama kile kitabu kilichopigwa taipu, akanitazama mimi, akakiweka kifuani akaenda zake.

Alikirudisha katikati ya Oktoba, mawingu yakiwa yameanza kurundikana upande wa Ijara. Akakiweka juu ya mkeka kwa mikono miwili. Gelle alikuwa ameegemea masanduku nyuma yangu, akitusikiliza.

"Hii kitabu," akasema, "mwenye kuandika ni mtu safi. Kiswahili yake iko sawa kabisa. Lakini haifuki."

Nilisahau kwamba mwandishi si mimi. "Haivuki vipi, eeddo? Si ni ya hapa hapa? Daraja limo. Mto umo. Huyo msichana anauvuka mara nne."

Akanikazia macho. "Mto gani?"

"Si wewe unasema haivuki. Haivuki mto."

"Mimi nimesema mto lini? Mimi nasema haifuki. Fuka." Akainua mkono, vidole vikapanda hewani na kutawanyika. "Moshi. Moshi inafuka."

Gelle alicheka mpaka ngamia mmoja akageuza shingo kututazama.

Mama anapika, moshi unafuka. Somo lake la kwanza, ambalo nililisikia mara zote hizo. Ilikuwa f halali, f ya kitabuni, na mimi na A yangu tulikuwa tumeigeuza v mara nne kwenye fomu, tukaipeleka Nairobi ikapigiwe makofi, na juu yake nikajenga riwaya nzima.

Ndipo Eeddo Saado akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kitabu kikiwa kati yetu. Alianza kusema Kisomali.

"Wewe umelelewa na shule zaidi kuliko kijiji," akasema, "lakini dhiil unaijua."

Naijua. Ni chombo cha maziwa, kinasukwa kwa nyuzi za mizizi, kina kifuniko chake na mikanda ya kukibebea. Nyumba yetu ilikuwa nazo tatu.

"Ukiiosha kwa maji peke yake itakuwa safi. Hutaona doa. Lakini tia maziwa humo, kesho yake yameharibika. Lazima uchome vijiti, utie ndani vikiwa bado na moto, ufunike, utikise, moshi uingie kwenye kila uzi. Hapo maziwa yatakaa. Na yatakuwa na ladha ya nyumba yako. Kila mwanamke na mti wake. Mama yako, ungenifumba macho ukanipa maziwa ya nyumba kumi, ya Khadra ningeyajua."

Akagusa masanduku yetu ya vitabu kwa kiganja, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunjia mgeni heshima.

"Hivi vimeoshwa, eeddo. Vimeoshwa vizuri sana. Nimeonja vyote mpaka mwisho na sijui hata kimoja kimetoka nyumba gani. Nilidhani kasoro ni yangu, kwamba nilianza kusoma nikiwa nimechelewa. Sasa nadhani si yangu peke yangu."

Kisha akaufungua mswada. Hakutafuta, alikuwa ameweka uzi mwekundu ukurasa wa kumi na nne.

"Soma hapa."

Nikasoma. Mama yake alifariki mwaka wa ukame. Msichana alirudi shuleni, akafanya mtihani na kufaulu.

"Mistari miwili," akasema. "Mbuzi wa sokoni wamepata kurasa sita."

Niliusogeza ule uzi mwekundu kwa kidole.

"Nilijua ni wewe kwa huo mhuri. Umeupiga kichwa chini, kama kawaida yako. Nikasema, haya, nitasoma nimwone Khadra. Nikasoma kurasa tatu kwa siku nikimngoja. Akaja ukurasa wa kumi na nne, akaondoka kabla sijamsalimu."

Mama alikufa mwaka wa tisini na mbili, mimi nikiwa bwenini. Habari ilipanda lori la makaa, ikafika siku ya tatu, na kwetu maiti hangoji. Nilikuta kaburi limekwisha kupigwa na jua. Nilikaa siku saba, nikarudi, nikafaulu. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Haikuwa hivyo. Niliogopa kuuliza, kwa sababu kadiri nilivyokuwa sijui, niliweza kuishi kana kwamba yuko mahali fulani na mifugo, malisho yamempeleka mbali. Miaka mitano sikumwuliza mtu hata swali moja. Nilikuwa nimeandika kurasa mia moja na themanini nikilizunguka swali lile, na mzee mmoja wa ngumbaru aliliona kwa kidole chake.

"Eeddo," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Nani alimwosha?"

"Mimi," akasema.

Gelle aliinuka, akaenda kuwakagua ngamia ambao hawakuwa na shida yoyote. Alipokwisha kufika mbali, Eeddo Saado akanisimulia. Mama aliamka siku ile, akafukiza dhiil zake tatu ingawa maziwa hayakuwepo, maana ngamia walikuwa wamekauka. Homa ilimwangusha kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Aliniulizia mara mbili, na mara ya tatu akasema niachwe nisome. Waliomwosha walikuwa wanawake watatu. Nguo aliyozikwa nayo ilikuwa ile nyeupe ambayo Eeddo Saado alikuwa amejiwekea mwenyewe, kwa siku yake.

Nililia pale pale kwenye mkeka wa serikali, juu ya fomu za maoni, hadi wino ukachuruzika. Eeddo Saado hakuninyamazisha. Alikaa mpaka nikamaliza, jinsi alivyokuwa akivimaliza vitabu.

Ijumaa yake Bwana Abdilatif alikuwa anasafiri kwenda Nairobi, na tulikuwa tumekubaliana kwamba ataupeleka mswada kwa mkono wake. Aliunyooshea mkono, nikamwambia hauendi.

"Kwa nini?" alinitania. "Kitabu hakivuki?"

"Hakifuki," nikasema.

Akanitazama kwa huruma, akidhani ulimi wangu umerudi kijijini. "Hakivuki," alinirekebisha. "V."

Mchapishaji yule hakuniandikia tena. Nilihuzunika, sitasema uongo; kuna siku nililaumu kila mtu, Eeddo Saado akiwa wa kwanza. Lakini nilipouchukua ule mswada na kuusoma kama alivyosoma yeye, kurasa tatu kwa siku, kwa sauti, niliyasikia maji matupu. Siku chache baadaye ikaanza ile mvua ambayo watu wa kwetu hadi leo huitumia kuhesabia miaka ya watoto. Barabara ilikatika, mto ukameza mashamba, unga ukaletwa kwa ndege. Kwa wiki nyingi hakuna kilichovuka kwenda wala kurudi, na hapo nilicheka peke yangu. Ngamia walikaa zizini. Mimi nilikaa chumbani na daftari la mistari, nikaanza upya kwa mkono, na nilianzia asubuhi ile ambayo sikuwepo, mwanamke akifukiza vyombo visivyo na maziwa. Nimeandika vitabu vitatu tangu wakati huo. Kila kimoja nimekianza kwa kujiuliza nimechoma nini.

Tulirudi Bulla Dhagah mwezi wa pili, tope likiwa limekauka na kupasuka. Mbuzi wengi walikuwa wamekufa kwa homa ya mvua, na mikeka iliyoifunika nyumba ya Eeddo Saado ilikuwa imeoza ikabadilishwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda. Tulisalimiana kwa Kisomali, tukapeana habari za waliopotea na waliobaki. Kisha nikatoa kurasa nane, zenye jina langu juu, Ifrah binti Khadra, ingawa kwetu mtu huitwa kwa baba yake.

Aliomba maji, akanawa mikono. Safari hii hakuzibeba kwenda nyumbani. Alizisoma pale pale, kwa sauti, kidole kikitembea chini ya mwandiko wangu, akiisoma kila p kuwa b na kila v kuwa f, nami kwa mara ya kwanza sikurekebisha hata moja. Alisoma dhiil tatu. Alisoma homa. Alisoma mama akiniulizia. Alifika pale nilipoandika kwamba wanawake watatu walimwosha kwa maji baridi, na kidole kikasimama.

Nikangoja. Fomu ya maoni ilikuwa mbele yangu, tupu, na kalamu nilikuwa nimeiweka chini.

"Hayakuwa baridi, eeddo," akasema. "Niliyapasha moto."

Alisema kwa Kisomali, kidole kikiwa bado juu ya neno, kisha akaendelea kusoma.